Faulo ya Tano

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Mmoja kaanguka, mmoja kapuliza, mmoja kalaumiwa, na wote watatu wanaapa hawajakosea."

Kisa aliendelea kumenya ndizi. Mikono ilikuwa jikoni, roho ilikuwa kwingine. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Kasumulu."

"Kasumulu siitaki, vumbi la malori litanimaliza kifua. Nipe Itungi nikale samaki." Bibi Tereza akacheka mpaka mabega yakatikisika, akasukuma kuni ndani ya mafiga. "Jibu ni huo mchezo wenu wa kikapu. Tangu juzi unanisimulia, na bado sijamjua mkosaji ni nani."

Kuku akachomoka mvunguni mwa meza, akagonga kikombe, kikaanguka na kupasuka.

"Ni mimi, Bibi, pole," Kisa akasema bila hata kugeuka.

"Kuku anavunja, wewe unaomba msamaha!" Sauti ilitoka kibarazani. Ilikuwa ya Bryson, kaka yake, dereva wa bodaboda. "Ndiyo maana refa anakuonea."

"Nyamaza huko," Bibi akamjibu. "Ndivyo nilivyowalea wote wawili, ila wewe hukushika. Aliye karibu ndiye wa kwanza kusema pole. Mwenye kosa atatafutwa baadaye, mioyo ikishapoa. Nyumba inayoanza na 'si mimi' humalizia na panga."

Bryson alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yake, anapangusa mnyororo kwa kitambaa chenye oili. Kisa alipotoka na maji ya kumwaga, aliutazama mnyororo ule, kisha akaitazama pikipiki. Mnyororo wa pikipiki ulikuwa mahali pake. Huu ulikuwa mwingine.

"Wa nini huo, kaka?"

"Wa refa." Aliusema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Juzi alikutoa nje kwa faulo tano ambazo hakuna aliyeziona. Leo ni fainali. Akikutoa tena, ule mkono anaonyooshea vidole nitauvunja kabla hajaushusha."

"Kaka, acha utani."

"Nimewahi kukutania?"

Hakuwahi. Mwaka jana alimpiga kondakta kwa spana mpaka taya likahama, akalala rumande, na Bibi akaenda kumlilia kila aliyevaa sare. Polisi walimwambia: safari nyingine utakwenda gerezani moja kwa moja. Kisa alimwaga maji, akabaki ameshika beseni tupu. Kwa hiyo siku ile alikwenda kucheza na wapinzani wawili: timu ya Kasumulu mbele yake, na mnyororo nyuma yake.

*

Uwanja wa kikapu wa pale Bondeni ni sakafu ya saruji iliyopasuka, mistari yake hupakwa chokaa siku ya mashindano, na ukianguka saruji inakuchuna kama mbuzi ya nazi. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya ukuta. Upande mmoja wenyeji, upande wa pili watu wa Kasumulu waliokuja na lori, wanapiga madumu. Mshindi angekwenda Mbeya, kwenye mashindano ya mkoa.

Waamuzi walipaswa kuwa wawili. Mmoja hakutokea. Akabaki Mwalimu Dionis peke yake, kijana kutoka Bukoba, mwaka wa pili tu tangu aletwe Kyela, shati lake limeshalowa jasho kabla mpira haujarushwa.

Kisa alimtafuta Bryson kwa macho, akamwona kwenye mstari, na vijana wenzake wa bodaboda. Amevaa koti jeusi katika joto lile. Hakuhitaji kuuliza ndani ya koti kuna nini.

Filimbi ikalia, na mchezo ukaanza kwa damu. Wasichana wa Kasumulu walicheza kwa viwiko, na wa Bondeni hawakuwa malaika. Lusungu, rafiki yake Kisa, alikuwa na mikono myepesi na moyo mgumu. Alimpiga mmoja ngumi ya mbavu chini ya kikapu huku anatabasamu. Naye akapigwa kisigino gotini, akaanguka, akaamka anachechemea na kutukana kwa Kinyakyusa. Lakini aliyeogopwa kuliko wote alikuwa Queen wa Kasumulu, mfupi, mpana, akishika mpira haoni mtu. Alikuwa akiingia kikapuni kama fahali anayeingia shamba la mpunga.

Robo ya kwanza, Queen aliingia hivyo. Lusungu akamchapa kwenye kiganja cha mkono, mwingine akamsukuma mgongoni, miili ikarundikana, Queen akaanguka. Filimbi. Kisa ndiye aliyekuwa amesimama karibu. Akanyoosha mkono mmoja juu, wa pili akampa Queen. "Pole, dada. Pole sana."

Mwalimu Dionis akatazama rundo, akamtazama Kisa, akaigeukia meza ya waandishi wa alama: namba tisa. Namba tisa ilikuwa ya Kisa.

"Mimi?" Kisa akasema.

"Mpira!" refa akasema.

Ikawa hivyo tena, na tena. Mtu anaanguka, filimbi, namba tisa. Nje ya mstari watu walikuwa wanaumiza vichwa.

"Hiyo faulo gani? Mtoto hakumgusa!"

"Na mbona saa ile walirusha pembeni tu, sasa hivi yule anarusha peke yake mara mbili? Kosa si ni lile lile?"

"Eti timu ikishajaza makosa yake, kila linalofuata wanarushiwa."

"Kujaza? Makosa ni debe?"

"Mzee, hata mimi sielewi. Mpira wa miguu ni rahisi, ukimkata mtu umemkata."

"Kanunuliwa huyu. Watu wa mpakani wana hela."

Neno hilo lilipita kwenye mstari kama moto kwenye mabua. Kanunuliwa. Likamfikia Bryson, naye akalipokea bila kupepesa, akafungua kifungo kimoja cha koti.

Robo ya tatu ilipokwisha, Kisa alikuwa na faulo nne. Bado moja. Alihesabu upya kichwani na kila mara jibu lilikuwa mkono wa mtu uliovunjika na kaka yake ndani ya pingu. Wenzake walikwenda kunywa maji. Yeye alikuwa kapteni, na kapteni anaruhusiwa kumsemesha refa. Akamwendea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sema haraka."

"Nimemgusa nani? Nionyeshe mmoja tu. Nakuuliza kwa heshima."

Mwalimu Dionis alijifuta uso kwa shati. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unaniuliza mimi? Si wewe mwenyewe unayeniambia?"

"Nimekuambia lini?"

"Kila mara! Napuliza, nageuka, mkono wako uko juu. Mwalimu wenu Beatrice si ndiye aliyewafundisha, aliyefanya faulo anyooshe mkono? Mimi niko peke yangu, macho mawili, mikono ya watu kumi imechanganyikana kama utumbo. Naona kosa lipo, simwoni mwenye kosa. Halafu naona mtoto mmoja ananyoosha mkono na kusema pole. Namshukuru Mungu, angalau kuna mkweli mmoja. Naandika tisa."

Kisa akautazama mkono wake. "Mwalimu… mimi nanyoosha mkono na kusema pole kwa sababu nilikuwa karibu."

"Karibu?"

"Nyumbani kwetu aliye karibu ndiye anayesema pole. Hata kama ni kuku aliyevunja."

Refa akajishika kichwa. Kisha akacheka kicheko kifupi, kikavu, cha mtu aliyegundua amevaa shati nje ndani tangu asubuhi. "Mungu wangu. Na mechi ya juzi pia?"

"Na ya juzi."

"Yaliyoandikwa siwezi kuyafuta. Lakini sikiliza, Kisa. Kuanzia sasa, ukinyoosha nitajua ni wewe kweli. Usiponyoosha nitajua siyo wewe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Ndaga fijo, mwalimu." Alimshukuru kwa Kinyakyusa, neno likamtoka lenyewe, na mwalimu wa Bukoba aliitikia kwa kichwa kama mwenyeji.

Akarudi kwa wenzake mwepesi kama amefunguliwa kamba. Alitaka kumkimbilia Bryson amweleze, lakini filimbi ikalia.

*

Robo ya mwisho haikuwa mchezo. Ilikuwa vita yenye mpira ndani yake. Lusungu alipasuliwa nyusi, akafungwa kitambaa, akarudi. Msichana mmoja wa Kasumulu alitolewa amebebwa. Watu walianguka mbele ya Kisa naye akaikunja mikono yake kifuani, ameuma meno, maana ulimi ulikuwa unawasha kusema pole. Refa alimtazama kila mara, akaona mikono imetulia, akatafuta kwingine. Namba sita. Namba kumi na moja. Namba tisa haikutajwa.

Ikafika dakika ya mwisho. Bondeni walikuwa mbele kwa pointi moja. Queen akapata mpira katikati, akainamisha kichwa, akaja.

Kisa alisimama njiani kwake. Kama angebaki pale pale, miguu chini, kifua mbele, lingekuwa kosa la Queen, maana mwenye mpira akimvamia aliyekwisha kusimama mahali pake, mwenye mpira ndiye mkosaji. Alilijua hilo. Lakini Queen alijipinda ghafla kushoto, akawa anapita, na Kisa aliona mechi yote inapita naye. Mwili ukafanya kabla akili haijasema. Akatupa nyonga, akapandisha kiwiko.

Kiwiko kilimkuta Queen mdomoni. Sauti yake ilikuwa kama ya muwa unaovunjwa gotini. Wote wawili wakaanguka, Kisa chali, Queen kifudifudi, na jino likateleza juu ya saruji mpaka kwenye mstari wa chokaa.

Filimbi.

Mwalimu Dionis alikuwa nyuma ya mgongo wa Lusungu. Alikuwa ameona miili miwili inagongana, na aliyekuwa anazuia yuko chali. Akamtazama Kisa. Hakutazama kingine. Alikuwa anangoja mkono.

Kisa aliuhisi mkono wake wa kulia unataka kuinuka. Ni kweli, ilikuwa yake. Mara hii ilikuwa yake. Juu ya bega la refa alimwona Bryson ameingiza mkono ndani ya koti.

Akaubana mkono chini ya paja.

Refa akasubiri pumzi moja zaidi. Kisha akakunja ngumi, akaionyesha upande wa Kasumulu. Kosa la mwenye mpira. Queen. Mpira wa Bondeni.

Watu wa Kasumulu walimtazama binti yao, amepiga magoti, damu inamtiririka kidevuni mpaka kwenye jezi, na wakamtazama mtu aliyesema yeye ndiye mkosaji.

"Amepigwa yeye na kosa lake yeye?" Aliyeuliza alikuwa Hezroni, mjomba wake Queen, mpakia mizigo wa mpakani, shingo pana kama gunia. Aliuliza kwa upole kabisa. Kisha akanyanyua kigoda alichokuwa amekalia na kuingia uwanjani.

Nyuma yake wakaingia wote.

Kigoda kilimpata refa begani. Alijaribu kusema jambo, filimbi bado mdomoni, ikalia yenyewe kama kifaranga. Mateke yakamwangusha. Watu wa Bondeni nao wakaruka ukuta, si kwa kumwonea huruma refa bali kwa kuwaona wageni wanapiga mtu kwenye uwanja wao. Miavuli, mawe, miwa, dumu likapasuka kichwani mwa mtu. Mzee mmoja, yule aliyeulizia makosa ya kujaa debe, alikuwa anachapa kwa kandambili yake kila anayepita, bila kuuliza wa wapi. Lusungu na msichana wa Kasumulu walikuwa wameshikana nywele chini, wanabiringika juu ya chokaa.

Kisa alitambaa kwa magoti. Alimwona Mwalimu Dionis katikati ya miguu, amejikunja, na mkono wake wa kushoto umelala vibaya, umepinda mahali ambapo mkono hauna kiungo.

"Mwacheni! Mwacheni, ni mimi!"

Hakuna aliyesikia. Akajitupa kwenye mguu wa Hezroni, akaukumbatia, akapigwa teke la kifua lililomkata pumzi. Hakuachia. "Baba, ni mimi! Mimi ndiye niliyempiga Queen! Yeye hakuniona!"

Hezroni akainamisha macho. Kigoda kilikuwa juu ya kichwa chake. "Unasemaje, wewe mtoto?"

"Nilimpiga kiwiko. Nikaficha mkono. Refa alikuwa ananiamini."

Mkono wa Bryson ukamshika ukosi, ukamnyanyua kama kuku. Alikuwa amefika, mnyororo umezungushwa ngumini, umeshalowa damu ya mtu. "Nyamaza! Tumeshashinda, unabwabwaja nini?"

"Ni kweli, kaka."

"Kweli ya nini? Nani amekuuliza kweli?"

Pale miguuni kwao Mwalimu Dionis alijigeuza. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja, jicho limezibwa. Kwa jicho lililobaki alimtafuta Kisa. "Ya… yako?"

"Yangu, mwalimu. Nisamehe."

Akainua mkono mzima. Akafungua vidole vyote vitano, akaugeuza kuelekea meza ya waandishi, ingawa meza ilikuwa imepinduliwa na waandishi wake wamekimbia. "Namba tisa. Ya tano. Nje." Akatema damu. "Queen, mitupo miwili."

Ndipo jambo la ajabu likatokea. Watu wa Kasumulu waliokuwa wanampiga walisita. Refa amewapa haki yao! Hezroni akateremsha kigoda, akakiweka chini taratibu, akasimama mbele ya mtu aliyekuwa anamuua sasa hivi, amempa mgongo kama mlinzi wake. "Amesema mitupo miwili. Asiguswe mtu huyu."

Naye Bryson alikuwa ameinua mnyororo.

Kisa aliudaka katikati. Ukapita kiganjani, ukakata. Akaushika kwa mikono yote miwili.

"Achia, Kisa."

"Siachii."

"Amekutoa! Umesikia mwenyewe, amekutoa!"

"Mtazame kwanza. Mtazame, kisha unambie unataka kumvunja wapi palipobaki."

Bryson akatazama. Ni kweli hakuwa ametazama bado. Aliuona mkono ule uliopinda, ambao yeye asubuhi aliupangia, na sasa wengine walikuwa wamemalizia kazi yake. Aliona mfupa unavyosukuma ngozi kutoka ndani. Aliona suruali ya mwalimu imelowa mkojo. Mnyororo ukalegea, Kisa akauvuta, nao ukaja wote mikononi mwake pamoja na damu.

"Hee," Bryson akasema, kwa sauti ya mtoto. "Jamani, watu ni wabaya."



Queen alirusha. Watu walisimama pale pale uwanjani, wamepasuka vichwa, wamechaniwa mashati, wakafungua njia kidogo ili akione kikapu. Hapakuwa na filimbi, Mwalimu Dionis alitikisa kichwa tu, akiwa ameegemezwa kwenye mguu wa nguzo. Mtupo wa kwanza uliingia. Kasumulu hawakushangilia. Queen akafuta mdomo kwa mkono, mpira ukabaki na alama nyekundu za vidole, akarusha wa pili. Ukazunguka mdomo wa chuma, ukaingia: Kasumulu mbele kwa pointi moja, na mchezo ukaishia hapo.

Kisa alikuwa nje ya mstari, ameuviringisha mkono ndani ya jezi. Lusungu akaja na kitambaa chake cha nyusi, akasimama mbele yake.

"Mbeya tulikuwa tumeshafika," Lusungu akasema. "Tumeshafika, Kisa!" Akamzaba kibao, akaondoka analia. Kisa hakumlaumu.

*

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda na mama mjamzito huko vijijini. Hezroni akasema lori lake lipo, lakini dereva alikuwa amekimbia na ufunguo. Ikabaki pikipiki ya Bryson.

Walimweka mwalimu katikati, mkono umefungwa kwa kanga juu ya kipande cha ubao wa meza. Kisa akakaa nyuma yake, akamzungushia mikono kiunoni asianguke. Damu ya kiganja chake ililowesha shati la mwalimu, na ya mwalimu ikalowesha goti lake. Bryson aliwasha, akaondoka polepole kama amebeba mayai. Mvua ilikuwa imechimba barabara, na kila shimo mwalimu alitoa sauti ambayo Kisa hakutaka kuisikia tena maishani.

"Pole, mwalimu," Bryson akasema kwenye shimo la kwanza.

Kwenye la pili akasema tena. Hakuna aliyemwambia aseme.

Walipofika kwenye lami akageuza shingo kidogo. "Mwalimu. Samahani. Nina swali."

"Uliza," Mwalimu Dionis akasema kwa meno yaliyoumana.

"Ile ya kwanza ulisema kosa la Queen. Halafu ukasema la Kisa. Na ni mgongano ule ule mmoja. Sasa refa anajuaje?"

Mwalimu alivuta pumzi ndefu. "Miguu," akasema. "Unatazama miguu ya anayezuia. Kama ilikuwa imeshatulia chini kabla hajaguswa, kosa la mwenye mpira. Kama bado inatembea… aah… kosa lake."

"Na wewe uliitazama?"

"Sikuiona. Kulikuwa na mtu mbele."

Wakapita mashine za mpunga, wakapita akina mama wanaouza ndizi, walioinuka na kushika midomo kwa kuwaona.

"Kama hukuiona," Bryson akasema mwishowe, "ungesema hukuiona."

"Ningesema hivyo," mwalimu akajibu, "ungenipiga kwa mnyororo, au usingenipiga?"

Kisa alimhisi kaka yake anakaza mgongo. Pikipiki ikapunguza mwendo, geti la hospitali lilikuwa mbele.

"Ningekupiga," Bryson akasema.